Zebaki nyumbani: jikoni, kisimani na bustanini kwa mama anayeishi karibu na machimbo

Ni saa tatu usiku. Baba watoto amerudi kutoka mwaloni na kidonge cha rangi ya fedha, ukubwa wa punje ya mahindi, amekifunga kwenye kipande cha kitambaa. Anataka kukichoma hapa hapa jikoni, maana nje kuna macho mengi na kesho asubuhi mnunuzi anasubiri. Mdogo yuko mgongoni mwako, mkubwa amelala chumba cha pili. Jiko la mkaa bado lina moto.

Kama unaishi Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu, Katoro, Kakola, Mwakitolyo au kijiji chochote cha wachimbaji wadogo katika mikoa ya Geita na Shinyanga, huenda jambo hili limeshatokea nyumbani kwako au kwa jirani. Hapa tunaeleza kwa nini kidonge hicho kisichomwe jikoni, na mambo mengine unayoweza kuamua wewe mwenyewe: vyombo, nguo, maji, mboga, samaki, na ule udongo unaotamaniwa na wajawazito.

Kidonge hicho ni nini?

Mchanga uliosagwa kwenye karasha huoshwa, kisha huchanganywa na zebaki, ile inayong'aa kama fedha na kutiririka kama maji. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu na kuacha mchanga. Wakikamua kwenye kitambaa kinabaki kidonge chenye dhahabu na zebaki pamoja. Ili dhahabu ibaki peke yake, kidonge huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, lakini hata kabla ya hapo, hata ikiwa imekaa tu kwenye kikombe bila moto, huwa inageuka hewa kidogo kidogo.

Hewa hiyo ndiyo hatari, na haionekani wala hainuki. Mtu akimeza tone la zebaki kwa bahati mbaya, karibu yote hutoka na choo. Akivuta hewa yake, karibu asilimia 80 huingia kwenye damu kupitia mapafu, na kutoka hapo hufika kwenye ubongo, kwenye figo, na kwa mjamzito hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Watu wengi wanaogopa kuigusa na hawaogopi kuivuta. Kuigusa nako si salama, ila kilicho hatari zaidi ni kuivuta.

Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko wewe, ana mwili mdogo, na ubongo wake bado unajengwa. Isitoshe, hewa ya zebaki ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Katika chumba kilichofungwa hukaa chini, pale mtoto anapotambaa na pale mkeka ulipotandikwa. Baba aliyesimama juu ya jiko anaweza kulala salama usiku huo na mtoto akaamka anakohoa.

"Nichome wapi basi?"

Hili ndilo swali atakalokuuliza, na ni haki yake kuuliza. Jibu la kwanza: si ndani ya nyumba, si jikoni, si barazani, si uani penye watoto. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataja kuchoma katika makazi ya watu kuwa moja ya mambo yanayopaswa kukomeshwa kabisa. Kuchoma wazi bila kifaa cha kukamata moshi ni jambo jingine kwenye orodha hiyo hiyo.

Kifaa chenyewe kinaitwa retoti. Ni kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachokaza na bomba linalotoka juu na kuishia kwenye maji baridi. Hewa ya zebaki ikipita kwenye bomba inapoa, inarudi kuwa zebaki, inadondoka, na mchimbaji anaitumia tena. Ukizungumza na mume wako, anzia hapo. Zebaki ananunua kwa fedha yake, na kila anapochoma wazi fedha hiyo inapaa na moshi. Kwa watu wengi hoja ya fedha hufungua mlango ambao hoja ya afya imeshindwa kuufungua. Si lazima kila mtu awe na retoti yake. Kikundi cha wachimbaji kinaweza kuwa na moja kwa zamu. Tahadhari moja: retoti isifunguliwe ikiwa bado ya moto, na isifanyiwe kazi ndani ya nyumba, kwa sababu mipira na vifuniko huvuja. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lina vituo vya mfano kwa wachimbaji wadogo, kimojawapo Lwamgasa mkoani Geita na kingine Katente wilayani Bukombe, ambako wachimbaji wanaonyeshwa namna ya kuchenjua dhahabu bila zebaki. Kikundi chenu kinaweza kuomba kwenda kuona.

Kama retoti haipo na mwenzio amekataa kabisa kungoja, basi angalau achome nje, mbali na nyumba zote na si yako tu, upepo ukivuma kuelekea porini, akisimama upande upepo unakotoka. Watoto na wajawazito wasiwepo, wala yeyote anayenyonyesha. Hili si pendekezo zuri, ni la kupunguza madhara tu. Na tusidanganyane: kitambaa puani, hata kikiloweshwa maji, na barakoa ya kawaida, havizuii hewa ya zebaki. Kunywa maziwa baada ya kuchoma nako hakuondoi zebaki mwilini, ingawa imani hiyo imeenea. Wape watoto maziwa kwa sababu ni chakula.

Kuhusu hofu ya wezi, tunajua ni ya kweli. Wapo wanaokubaliana wachimbaji wanne au watano kuchoma pamoja mchana, mahali pamoja palipotengwa, kila mtu akishuhudia cha mwenzake. Linaweza kupelekwa kwenye mkutano wa kijiji, na mwenyekiti akaonyesha mahali.

Jambo jingine linalosahaulika: dhahabu iliyokwisha kuchomwa mara moja bado ina zebaki ndani yake, na mnunuzi huichoma tena dukani. Kwa hiyo kama wewe ni mama lishe na banda lako liko mlango wa pili na duka la dhahabu, au unamlaza mtoto kwenye boksi hapo nje, hamisha banda. Ukishindwa banda, hamisha mtoto.

Vyombo, nguo na zebaki iliyomwagika

Beseni, karai, kikaango au kijiko kilichotumika kwa zebaki hakirudi jikoni. Sabuni na majivu havitoshi. Zebaki hushika kwenye mikwaruzo na kwenye alumini hula chuma chenyewe. Kitoboe au kitie alama ya rangi ili mtoto wa jirani asikichukue kuchotea maji. Vivyo hivyo chupa ya soda au ya dawa ya kikohozi iliyowekwa zebaki: mtoto anaijua kwa kilichokuwamo mwanzo. Zebaki ikilazimika kukaa nyumbani, ikae kwenye chupa ngumu yenye kifuniko cha kukaza, ikiwa imefunikwa na maji juu yake, ndani ya kitu kinachofungwa kwa kufuli, nje ya nyumba ya kulala.

Nguo za mwaloni zivuliwe nje. Baba aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Hili ni gumu kumwambia mtu aliyechoka, kwa hiyo mwekee maji ya kuoga na nguo safi tayari nje, na watoto wakikimbilia kumpokea wazuie kidogo. Nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi, na maji ya kufulia yasimwagwe kwenye mboga.

Ikimwagika ndani, kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuchukua ufagio. Ufagio huvunja tone moja kuwa mamia, na kila tone linatoa hewa. Toa watoto nje kwanza, na yeyote mwenye mimba. Fungua milango na madirisha, zima jiko. Vua bangili na pete, maana zebaki hushika dhahabu na fedha. Ukiwa na mifuko ya plastiki mikononi, sukuma matone yakutane kwa kipande cha boksi gumu, yasukume kwenye karatasi, yatie kwenye chupa yenye maji kidogo na uifunge. Vitone vidogo vinashikwa kwa gundi ya karatasi au kitambaa kilicholowa. Kama sakafu ni ya udongo, chimba tabaka la juu mahali hapo na ulitoe. Usitupe chooni, usitupe kwenye moto, usimwage mtoni. Chupa ile mpe mchimbaji aitumie, na udongo na vitambaa vifunge kwenye mfuko kisha muulize bwana afya wa kata pa kuvipeleka. Watoto wasilale chumba hicho usiku huo, na kiache wazi siku kadhaa.

Maji ya kunywa

Hapa kuna sumu mbili tofauti, na akina mama wengi wanaijua moja tu. Zebaki inaletwa na watu. Ya pili, aseniki, imo kwenye miamba yenyewe inayobeba dhahabu katika ukanda huu, na vipimo vya maji ya visima na mito katika maeneo ya machimbo ya Geita vimeikuta zaidi ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni milligramu 0.01 kwa lita. Maji yenye aseniki yanaweza kuwa maangavu, baridi na matamu. Mtu akiyanywa miaka mingi anaweza kupata madoa na ugumu wa ngozi kwenye viganja na nyayo, na baadaye saratani. Kwa mjamzito, aseniki hufika kwa mtoto.

Kuchemsha maji ni vizuri kwa kipindupindu, kuhara na minyoo, endelea kuchemsha. Lakini kuchemsha hakuondoi aseniki wala zebaki. Maji yakipungua kwenye sufuria aseniki inabaki ile ile. Dawa ya klorini nayo haiondoi. Kuchuja kwa kitambaa hupunguza tope tu.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa ni chanzo. Kama bomba la maji ya Ziwa Viktoria limefika kwenu, mathalani mradi unaotoa maji Ihelele na kuyafikisha Kahama na Shinyanga, ya kunywa na ya kupikia chukua hapo, hata kama unalipia ndoo na kisima cha jirani ni bure. Maji ya kisima tumia kufua na kudeki. Kama bomba hakuna, maji ya mvua ni mbadala mzuri, mradi bati lisiwe karibu na karasha au mahali pa kuchomea. Acha mvua ya mwanzo ioshe bati ndipo uelekeze maji kwenye pipa, na pipa liwe na kifuniko.

Kisima chenu cha kijiji kikiwa hakijapimwa, kamati ya maji inaweza kuiomba RUWASA wilayani ipime. Ombeni kwa maandishi na mtaje aseniki na zebaki kwa majina. Kipimo cha kawaida cha maji mara nyingi huangalia vijidudu, chumvi na tope, na ukipewa jibu kwamba "maji ni safi" uliza ni safi kwa kipimo kipi.

Bustani na mifugo

Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde: ndiyo mboga ya kila siku na ndiyo fedha ya mama. Hatukwambii uache bustani, tunataka uangalie ilipo.

Mboga za majani hupata zebaki kwa njia mbili. Vumbi hutua juu ya jani, na hiyo ukiosha vizuri kwa maji mengi mara mbili au tatu inapungua sana. Lakini jani pia huvuta hewa ya zebaki kama linavyovuta hewa nyingine, na iliyoingia ndani ya jani haiondoki kwa kuosha. Kwa hiyo bustani iliyo karibu na mahali pa kuchomea dhahabu ni mbaya hata kama udongo wake ni mzuri. Mahindi na maharage hayana shida kubwa kama majani, kwa sababu punje imefunikwa. Viazi na muhogo vimenye, na maganda usiyape mbuzi kama shamba liko jirani na mwalo.

Maeneo ya kukwepa kabisa ni haya: juu ya marudio au palipowahi kuwa na marudio, bondeni chini ya mwalo ambako maji ya kuoshea hutiririkia, na kando ya mitambo ya kuchenjulia marudio kwa sayanaidi. Ardhi ya bondeni inashawishi, ina unyevu hata kiangazi. Majaruba ya mpunga huko ni mabaya zaidi, kwa sababu mpunga uliosimama kwenye maji hunyonya aseniki kuliko nafaka nyingine. Kama wali wenu unatoka sehemu ya mashaka na una maji salama, pika kwa maji mengi kama unavyopika makaroni, kisha mwaga maji yale.

Kama kiwanja chako ni hicho hicho kimoja na huna pa kwenda, tumia magunia. Chukua gunia, lijaze udongo uliotoa juu mlimani au shamba la mbali, changanya na mbolea ya ng'ombe, weka mawe katikati kwa ajili ya maji, na panda mchicha juu na pembeni. Magunia manne yanalisha familia mboga. Yaweke upande wa nyumba ambao hauelekei karasha. Wala usinunue mchanga wa marudio kwa ajili ya kusiliba kuta au kumwaga uani, hata ukiuzwa rahisi, maana watoto watauchezea miaka yote.

Michembe na nsansa zetu nazo zina jambo. Wengi tunaanika juu ya mawe au chini juani, na siku tatu za kuanika karibu na karasha ni siku tatu za kukusanya vumbi. Anika kwenye kichanja kilichoinuliwa, upande usio na vumbi, na funika kwa chandarua safi.

Kuku wanaochakura kwenye marudio humeza mchanga ule, basi wafungie banda au zungushia wavu. Bata na mbuzi wasifike kwenye mabwawa ya sayanaidi. Mnyama aliyekutwa amekufa hapo asiliwe, hata kama nyama inaonekana nzuri.

Samaki

Zebaki ikifika kwenye tope la maji yaliyotuama, vijidudu huigeuza kuwa aina inayoingia kwa samaki na kukaa mwilini mwao. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uligunduliwa mwaka 1956, akina mama walikula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda; wapo walioonekana wazima na kuzaa watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo.

Msiache samaki kwa hofu hiyo. Vipimo vya samaki wa Ziwa Viktoria vimeonyesha kwa ujumla kiwango kidogo cha zebaki. Dagaa na sato ni chaguo zuri kwa mjamzito na mtoto. Sangara mkubwa sana anakula samaki wengine na hukusanya zaidi, kwa hiyo mjamzito achague mdogo. Wasiofaa ni kambale na kamongo wanaovuliwa kwenye madimbwi na mito midogo iliyo chini ya mialo. Watoto wakija na kambale, uliza wamemtoa wapi.

Udongo na mkorogo

Hamu ya kula udongo wakati wa mimba haina aibu, na wengi wetu tumeipitia. Lakini watafiti waliopima udongo unaoliwa na wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo Geita, matokeo yakatoka mwaka 2014, waliukuta na sumu, ikiwamo aseniki. Pemba za sokoni na udongo wa kichuguu ni hivyo hivyo, na kuchoma au kukausha hakubadilishi kitu. Hamu hii mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Mwambie nesi kliniki bila kuficha, apime damu, na umeze vidonge vya madini ya chuma kila siku. Krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki zimepigwa marufuku nchini. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha ziache leo.

Je, niendelee kunyonyesha?

Ndiyo. Ni kweli kwamba watafiti waliopima maziwa ya mama katika maeneo ya wachimbaji wadogo ya Tanzania, Zimbabwe na Indonesia, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, waliikuta zebaki kwa baadhi yao. Lakini mtoto anayeachishwa ziwa mapema na kupewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima kile kile anapata hatari zaidi. Acha kazi ya kuchanganya na kuchoma tangu unapojua una mimba hadi utakapomaliza kunyonyesha, uombe ile ya kuuza chakula au ya kupepeta mahali pengine. Na watoto wakubwa wasitumwe mwaloni, hata siku za likizo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na machimbo yametajwa humo.

Lini uende hospitali

Mtu yeyote, hasa mtoto, akianza kukohoa, kubanwa kifua, kupumua kwa shida, homa, kutetemeka kwa baridi au kutapika ndani ya saa chache baada ya dhahabu kuchomwa karibu naye, mtoe kwenye hewa safi na mpeleke hospitali usiku huo huo. Usimtapishe. Usingoje kuona kama ni malaria. Na sema waziwazi mlangoni: "Amevuta moshi wa zebaki." Daktari asipoambiwa atatibu nimonia ya kawaida. Baadhi ya akina mama hunyamaza wakiogopa mume kukamatwa kwa kuchoma nyumbani. Daktari anataka kujua sumu ni ipi, basi.

Sumu ya polepole hujificha zaidi. Mikono inatetemeka akishika kikombe, au mwandiko wa mtoto shuleni umeharibika ghafla. Usingizi unapotea, kichwa kinauma kila siku, mdomoni kuna ladha ya chuma, mate yanajaa, fizi zinavimba. Mtu mpole anakuwa mkali, au anasahau alichokuja kuchukua. Utafiti wa afya uliofanyika Lwamgasa na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta sumu ya zebaki ikiwasumbua hasa wale wanaochoma. Huku kwetu dalili kama hizi hupelekwa haraka kwa mganga, familia ikitafuta nani kamroga. Kabla ya kufika huko, nenda kituo cha afya, eleza kazi na mahali mnapoishi, na omba rufaa ya kupimwa mkojo au damu. Zahanati haina kipimo hicho, lakini hospitali inaweza kupeleka sampuli maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza.

Wakati mnasubiri majibu, mgonjwa asirudi mwaloni, na pale jikoni pasichomwe tena.